Ua Lililoota Juu ya Ua

Baada ya mimi kusoma shairi langu kuhusu mmea wa njano, wanawake wawili waliacha kunisalimia, na mmoja wao hata hakuwa chumbani nilipokuwa nikisoma.

Mmea wenyewe upo. Nataka nianze na hilo, kwa sababu kila niliposema hivyo watu walinitazama kama mtu anayekana deni. Kutoka nyumbani kwetu Kileleshwa hadi Hurlingham, ninakofanya kazi katika ofisi ya mawakili, huwa natembea kwa miguu asubuhi. Zamani njia hizo zilikuwa na nyumba za chini zenye bustani pana, na kila bustani imezungushiwa ua wa kaiyaba, ile miti yenye miiba mirefu ambayo hata mbuzi haipiti. Nyumba nyingi zimebomolewa na magorofa yamepanda mahali pake. Lakini hapa na pale kuna kiwanja ambacho mwenyewe bado anakisubiria bei, na ua wake wa zamani umesimama, haukatwi wala haumwagiliwi. Huko ndiko magugu yanakokaa.

Magorofa hayana magugu. Yana nyasi zilizoletwa na lori zikiwa zimekunjwa kama mikeka, mawe meupe, na maua matatu manne ambayo ni yale yale kila geti. Sijawahi kusimama kuyatazama. Mimi husimama kwenye mfereji, mahali ambapo kishonanguo kinang'ang'ania suruali za wapita njia kwa mbegu zake nyeusi, na ule mmea wa kutambaa ambao kwetu Dagoretti tunauita mukengeria unafungua ua la bluu asubuhi na kulifunga kabla ya chakula cha mchana. Nasimama, natoa simu, naandika. Walinzi wa viwanja hudhani napiga picha ili nikanunue. Mmoja alinifukuza mara mbili.

Mmea wa njano niliuona ukiwa juu ya ua wa kaiyaba karibu na njia panda. Kwa mbali ulikuwa kama mtu ametupa nyuzi za sufi. Nilipokaribia nikaona nyuzi zile zinakua. Hazina majani. Nilifuata uzi mmoja hadi chini kutafuta mzizi, nikachomwa kidole na mwiba, na mzizi sikuuona. Kila uzi ulikuwa umeng'ata tawi la kaiyaba na kunyonya humo humo. Na katikati ya nyuzi kulikuwa na maua, meupe, madogo sana, mazuri kuliko chochote kilichopandwa getini kwetu. Ua wote chini ya nyuzi zile ulikuwa umeanza kukauka.

Nikaandika hivi:

*Huna mzizi, huna jani.*
*Umejitandaza juu ya ua wa mwenzio*
*kama uzi uliomponyoka fundi,*
*na unachanua, bado unachanua,*
*maua meupe, madogo kuliko punje ya mtama,*
*na ua ulio chini yako unakauka*
*wala haukuulizi kitu.*

Nililipenda. Nilifurahi hasa kwamba Kiswahili kina neno moja kwa ua la kunusa na ua wa kuzungushia boma, na kwamba hapa moja lilikuwa limeota juu ya mwingine. Hilo ndilo lililokuwa kichwani mwangu. Hakuna mtu aliyekuwa kichwani mwangu.

Jumamosi alasiri nilikuwa na desturi ya kwenda mjini, katika chumba kilicho juu ya duka la vitambaa, ambako washairi tulikutana. Aliyetuongoza alikuwa mzee wa Pwani, mwalimu mstaafu wa sekondari, na sote tulimwita Mwalimu. Alikuwa mtu wa kanzu iliyopigwa pasi na kalamu mbili mfukoni, na alihesabu mizani ya mashairi yetu kwa kugonga meza na kidole cha pete. Wengi chumbani walikuwa watu wa Pwani wenye biashara zao pale mjini, makarani, na mwalimu mmoja wa madrasa aliyekuja kusikiliza tu. Watu wa bara tulikuwa wachache. Mimi nilikuwa wa bara, mwanamke, na niliandika mashairi yasiyo na vina. Mwalimu aliniita "mwenzetu wa magugu".

"Leo mwenzetu wa magugu ametuletea nini?" alikuwa akiuliza, watu wakicheka kidogo, nami nikisoma, naye akisema, "Haya, asante," kwa sauti ya mtu anayerudisha sahani ambayo hakuila.

Niliendelea kwenda kwa ukaidi. Nilitaka siku moja agonge meza kwa shairi langu.

Siku hiyo nilisoma kuhusu nyuzi za njano. Nilipomaliza hakuna aliyecheka. Kimya kilikuwa kizuri mno, na mimi kwa ujinga nikadhani ni sifa. Kisha mtu wa nyuma akasema "Eeh" polepole, kwa namna watu wanavyosema wanapomwona mtu akipigwa.

Mbele yangu kulikuwa na mwanamke mwenye kibanda cha udi na manukato, mlango wa tatu kutoka pale. Alikuwa mshairi hodari kuliko wote chumbani isipokuwa Mwalimu, na alighani kwa sauti iliyofanya wapita njia wa chini wainue vichwa. Hatukuwa marafiki. Tulikuwa tukisalimiana na kuulizana hali.

Akaniuliza, "Na ua hilo ni nani, mwenzangu?"

"Si mtu," nikasema. "Ni mmea. Uko Kileleshwa, juu ya ua wa watu."

Watu wakacheka sasa. Hakucheka yeye.

"Juu ya ua wa watu," akasema. "Au juu ya ua wa mwenzio?"

"Ni mmea tu, dada."

Mwalimu akaweka kidole chake mezani. "Mama," akaniambia, "katika ushairi wa Kiswahili hakuna mmea tu. Mtu akitaja waridi, kuna msichana. Akitaja mwiba, kuna mume wa msichana. Akisema ua, tunauliza ni nani. Hiyo ndiyo adabu ya sanaa yenyewe."

"Basi mimi sina adabu hiyo. Nimeona mmea nikauandika."

"Kwetu una jina," yule mwanamke akasema. Alikuwa ameshasimama na kuweka mkoba begani. "Unaitwa mlangamia. Kila mtu chumba hiki anaujua. Na kila mtu anajua mwanamke akiitwa mlangamia maana yake ni nini." Akashuka ngazi, tukasikia viatu vyake hadi chini.

Jirani yangu wa kiti, karani wa makamo, ndiye aliyeninong'oneza. Yule mwanamke alikuwa ameolewa mwaka ule, mke wa pili, na mumewe alimweka katika nyumba ya mke mkubwa kwa kuwa ya kwake haijakamilika. Mke mkubwa alikuwa mgonjwa. Mji mzima, kwa maana ya mitaa ile minne mitano, ulikuwa ukizungumzia jambo hilo.

Sikujua. Niliandika "mwenzio" kwa sababu neno lilikaa vizuri mdomoni. Wao walisikia mke mwenza. Niliandika "ua" nikiona kaiyaba, wao wakaona uani kwa mtu, jikoni kwake, kitandani kwake. Nilikaa pale nikiwa na karatasi mkononi na nikahisi uso unaniwaka, lakini si kwa aibu. Nilikuwa na hasira kwamba kitu nilichokitazama kwa makini kiasi kile, hadi nikachomwa kidole, kilikuwa kimefutwa na watu wakaweka umbea mahali pake.

Nyumbani mambo yalikuwa yamenitangulia.

Karani yule alikuwa na tabia ya kurekodi usomaji wetu na kuuweka kwenye kikundi chetu cha WhatsApp. Mume wangu huniomba rekodi hizo. Yeye ni mhasibu, hasikilizi mashairi, lakini anajivunia kuwa na mke anayeyasoma, basi kila ninachomtumia hukisukuma moja kwa moja kwenye kikundi cha familia yao na kuweka alama ya makofi. Nilimtumia rekodi nikiwa bado kwenye ngazi, kabla sijafikiri vizuri. Akafanya kama kawaida yake. Na katika chumba cha pili cha nyumba yetu alikuwepo dada yake, wifi yangu, ambaye alikuwa akiishi nasi tangu hoteli aliyokuwa akifanyia kazi ilipofungwa.

Nilimkuta jikoni akipakua ugali. Aliweka sahani tatu mezani, akaketi, akamngoja kaka yake amalize kuomba, ndipo akasema, "Hiyo shairi ni yangu, si ndiyo?"

"Shairi gani?"

"Ya mtu hana mzizi. Amekaa kwa watu tu, anakunywa chai yao."

"Hakuna chai kwenye shairi," nikasema.

"Wifi, mimi si mjinga. Kama umechoka na mimi si ungeniambia tu? Lazima ipelekwe kwa auntie wote, mpaka mama amenipigia simu ananiuliza nimekufanyia nini."

"Ni mmea. Uko hapo chini, kwenye kiwanja cha njia panda. Vaa viatu twende nikuonyeshe."

"Sasa nitoke nje na giza nikaone mmea."

Nilimgeukia mume wangu. Alikuwa akikata ugali vipande vidogo vidogo bila kuvila. "Mwambie," nikamwambia.

"Nimwambie nini?"

"Kwamba sikuwa nikimsema."

Akaniangalia, na sitasahau uso wake, kwa sababu ulikuwa umejaa mshangao wa kweli. "Kwani hukuwa unamsema?" akauliza. "Mimi nilidhani ni yeye. Nilisikiliza baadaye nikasema, aii, leo huyu ameamua."

Wifi akacheka, kicheko kikavu, akaondoka mezani.

Nilikuwa na mengi dhidi ya wifi yangu. Alikuwa akiacha taulo zenye maji juu ya kitanda, akiongeza sauti ya televisheni nikiwa kwenye simu, na alinitajia kila wiki jinsi kaka yake alivyokuwa mnene kabla ya kunioa. Lakini yote hayo nilikuwa nikimwambia mwenyewe, usoni, mchana kweupe. Tulikuwa tukigombana vizuri. Sikuhitaji kumzungukia kwa maua. Hilo ndilo lililonichoma: kwamba mtu aliyenijua hivyo aliweza kuamini kwamba ningemchimba kwa fumbo, na kwamba mume wangu aliona ni jambo la kawaida kabisa, hata la busara kidogo.

Wifi alihama kabla ya mwisho wa mwezi. Alipata chumba Kinoo kwa rafiki yake. Siku ya kuondoka alikunja shuka za kitanda chake vizuri, akazipanga na taulo juu, kavu, na akapita sebuleni akiniaga kwa kichwa. Mume wangu alimbebea sanduku hadi kwenye gari na hakurudi hadi jioni. Aliporudi aliniambia kwamba mama yake ameuliza kama sasa nimeridhika. Nikamjibu kwamba mama yake angeweza kuniuliza mimi. Tukalala tukiwa tumegeuziana migongo kwa muda mrefu baada ya hapo.

Katikati ya hayo yote, Jumamosi iliyofuata ile ya usomaji, nilirudi kwenye chumba cha juu. Mtu mwingine angekaa nyumbani. Mimi nilitaka kueleza. Nilikuta ngazi zimejaa watu ambao sijawahi kuwaona, wengine wamesimama na bilauri za kahawa. Mwalimu alikuwa ameketi na kanzu mpya.

Mwanamke wa manukato alikuwa amejibu. Aliinuka bila karatasi, akaghani, na nakiri kwamba nywele zilinisimama:

*Kishonanguo njiani, hujishika kwa wapita,*
*Hakualikwa nguoni, nguo za watu avuta,*
*Hana harufu puani, wala tunda la kukata,*
*Ua la bara jamani, lajiona ni waridi.*

Zilikuwepo beti nyingine, kila moja kali kuliko iliyotangulia. Mwanamke asiye na harufu, anayekwama kwenye maisha ya watu wapitao, anayetoka mferejini na kujiita bustani. Kufikia ubeti wa tatu chumba kizima kilikuwa kikimpokea kile kibwagizo, *ua la bara jamani*, hata wale wa ngazini. Mwalimu aligonga meza kwa kila kipande, nane na nane, na mizani haikukosea hata mara moja. Mimi nilikaa katikati yao. Nilikuwa nimemngoja mtu huyu agonge meza kwa ajili ya gugu, na sasa aligonga, na gugu lilikuwa mimi.

Alipomaliza Mwalimu alinigeukia. "Haya, mama. Umeitwa. Malumbano hayaachwi hewani."

"Sina la kujibu. Sikumwambia kitu."

"Huna, au huwezi?"

"Mwalimu, wewe umelisikia shairi langu kwa masikio yako. Umesikia mahali popote nimemtaja?"

"Fumbo halimtaji mtu. Lingemtaja lisingekuwa fumbo."

Hapakuwa na mahali pa kutokea. Kadiri nilivyokana, ndivyo nilivyozidi kuwa fundi wa mafumbo. Mtu mmoja wa ngazini aliniambia nilipokuwa nashuka, kwa heshima kabisa, kwamba nimemtia mwenzangu kisu bila kumwaga damu. Nilimwambia anipishe njia.

Jumamosi nyingine nilifanya kitu ambacho mume wangu aliniambia ni cha kichaa. Asubuhi nilikwenda kwenye kile kiwanja na kisu cha jikoni, nikakata tawi la kaiyaba likiwa na nyuzi zake, nikalitia katika mfuko mkubwa wa sokoni. Miiba ilinichana mkono hadi kwenye kiwiko. Nikapanda gari hadi mjini nikiwa nimeukumbatia mfuko kama mtoto wa mtu mwingine, mbali na kifua. Nilipoingia chumbani, kilichojaa tena, nilikwenda moja kwa moja mbele na kulimwaga tawi lile juu ya meza ya Mwalimu, kwenye karatasi zake.

"Huyu hapa," nikasema. "Mliuliza ni nani. Ndiye huyu. Mwangalieni."

Watu wa mbele walisogea. Nyuzi zilikuwa zimelegea kidogo kwa safari, lakini maua yalikuwepo bado. Mwalimu aliinua kalamu yake, akalisukuma tawi kwa ncha.

"Umetuletea kuni," akasema.

Kicheko kilikuwa kikubwa. Nilikitazamia, na bado kiliniuma.

Kisha mwanamke wa manukato akainuka. Watu wakanyamaza ili waone. Alikuja mezani, akainama, akachukua uzi mmoja kwa kucha mbili bila kuchomwa, akauinua kwenye mwanga wa dirisha. Aliutazama kwa muda. Ni yeye peke yake aliyeutazama.

"Maua yake sikuwahi kuyaona karibu," akasema, kwa sauti ya chini, ya kwetu wawili. "Kule kwetu huwa juu ya mikoko na michongoma, hatuusogelei."

"Sasa umeona ni mmea."

"Nilijua ni mmea."

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile. Ulivyosoma. Mtu anayesema mtu hasomi vile, hasomi kuhusu punje ya mtama." Aliuweka uzi chini. "Wewe ulikuwa unatazama karatasi yako. Mimi nilikuwa natazamwa. Chumba kizima kiligeuza shingo. Ungetaka nifanye nini, nicheke? Niseme ni mmea tu, halafu nirudi kibandani kwangu wapite wakinong'ona?"

"Ungeniuliza."

"Nilikuuliza. Mbele ya watu. Ukajibu kama mwalimu wa sayansi."

"Basi waambie sasa," nikasema. "Waambie ulijua."

Alifuta vidole kwa ncha ya mtandio wake. "Siwaambii," akasema. "Shairi langu limependwa. Mke mwenzangu mwenyewe amelisikia, na kwa mara ya kwanza tangu niingie nyumba ile amecheka. Umeniletea jambo, nami nimelitumia. Wewe tafuta la kwako."

Akarudi kitini. Sijui kama nilimchukia zaidi wakati ule au kabla yake. Najua kwamba alinishinda kwa kila kitu: sauti, mizani, hata ukweli. Hasira yangu yote ikatafuta mahali pengine pa kwenda, na mbele yangu alikuwa amekaa Mwalimu, akipangusa vumbi la kaiyaba kwenye karatasi zake.

"Ungeweza kulimaliza hili siku ya kwanza," nikamwambia kwa sauti. "Neno moja lako lingetosha. Ungesema, huyu ameandika mmea."

"Na kwa nini niseme uongo?"

"Si uongo. Wewe unapenda chumba kijae. Kilikuwa kinakufa, sisi watu wanane na viti vitupu, na sasa kimejaa hadi ngazini, na kimejaa kwa nyama yetu sisi wawili. Huna shairi lako umelisoma hapa mwaka mzima, Mwalimu. Unakaa juu ya mashairi ya watu na kunyonya. Ukitaka kujua mlangamia ni nani, ni wewe."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu wa madrasa alitazama sakafu. Mwanamke wa manukato alinitazama mimi, na kwa mara ya kwanza aliniangalia kama mtu aliyesikia kitu cha maana.

Mzee aliacha kupangusa karatasi. Alirudisha kalamu mfukoni. Kisha akatabasamu, na tabasamu lile lilikuwa baya kuliko kicheko chochote nilichowahi kuchekwa pale.

"Umeona?" akasema. "Mmea umepata mtu. Karibu kwenye ushairi, mama."

Nilitoka. Tawi nililiacha juu ya meza yake. Nilitembea kutoka pale hadi nyumbani Kileleshwa bila kupanda gari, mkono ukiwaka kwa mikwaruzo, nikitunga majibu ambayo ningempa, yote mazuri, yote yamechelewa. Lililonitesa ni kwamba alikuwa na haki kwa kiasi fulani. Neno lilikuwa limenitoka kirahisi mno, na lilikaa vizuri mno. Kwa muda mfupi ule hata mimi sikuuona mmea.

Sikurudi tena kwenye chumba kile. Nasikia bado wanakutana. Nasikia malumbano sasa ni kati ya karani na mtu mpya, na kwamba watu wa ngazini walikoma kuja walipoona wanaolumbana si wanawake tena. Siku moja nilipita kibanda cha manukato kwa shughuli za ofisi. Yeye alikuwa mlangoni. Sikugeuka, naye hakunisalimia, lakini nilipokuwa nimeshapita alisema mgongoni kwangu, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayetaja hali ya hewa, "Mshororo wako wa tano ni mrefu. Punguza 'meupe'. Udogo unatosha." Niliendelea kutembea. Nilipofika ofisini nilifungua simu, nikausoma mshororo wa tano, nikauacha ulivyo. Alikuwa sahihi, lakini meupe ni meupe.

Wifi sasa ana kazi Karen, katika mkahawa ulio ndani ya kituo kimoja cha maduka. Mume wangu alinipeleka huko siku ya kuzaliwa kwangu, akidai hakujua kama angekuwa zamu, na alijua. Wifi alikuja kwenye meza yetu na menyu mbili mkononi. Alimkumbatia kaka yake. Mimi alinipa mkono.

"Umependeza," nikamwambia, na ilikuwa kweli.

"Asante." Alifungua daftari dogo la oda, akashika kalamu. Halafu, kabla hajauliza tunakunywa nini, akasema, "Wifi, mimi usiniandike."

"Sijawahi kukuandika."

"Basi usianze."

Mume wangu alijificha nyuma ya menyu. Nje ya kioo kulikuwa na vyungu vya maua yaliyopangwa kwa rangi, mekundu huku, meupe kule, na mwanamume wa bustani alikuwa amepiga goti akiyang'oa majani ambayo hayakupandwa na mtu. Nilimtazama. Nilikuwa na hamu kubwa ya kutoka niende nikaone anang'oa nini. Wifi alikuwa bado amesimama, kalamu juu ya karatasi, akiningoja.

"Chai," nikasema. "Ya maziwa."

Akaandika, akaenda zake, na chai ile ililetwa na mhudumu mwingine.